Tabora: Mwenyekiti wa mtaa tunamchagua, je, wa kuwauliza polisi tunamchagua lini?

Mtu wa Miembe (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naandika kutoka Tabora mjini. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili limenikaa kooni tangu mwezi uliopita.

Mtoto wa dada yangu anaendesha bodaboda. Ijumaa moja jioni alikamatwa kwenye msako, yeye na wenzake wanne wa kijiwe kimoja. Wakaambiwa kuna pikipiki imeibwa, wao wanasaidia upelelezi. Kituo sikitaji, na naomba asiwepo wa kukisia, kwa sababu nia yangu si kumchongea mtu. Dada alinipigia saa tatu usiku analia. Jumamosi asubuhi nikafanya kile anachofanya kila mmoja wetu akipatwa na hili: nikaenda kugonga kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti wetu ni mtu mzima, anaheshimika. Tulimpigia kura Novemba 27, 2024. Aliandika barua ya utambulisho, akagonga mhuri, akavaa koti lake, akasema tuongozane. Yote niliyoyaona tangu hapo yaliniuma, lakini la kaunta ndilo lililonitoa usingizini. Alisalimia vizuri, akajitambulisha, akaambiwa asubiri. Tukakaa kwenye benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, kuanzia saa tatu hadi saa saba kasoro. Muda wote huo barua ameishika kwa vidole viwili, wino wa mhuri usije ukachafuka. Alisimama kuuliza mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa mpelelezi hayupo. Mwishoni akauliza kwa upole: jina la kijana limeandikwa kwenye daftari la mahabusu? Aliingizwa saa ngapi? Akajibiwa kwamba hilo halimhusu mwenyekiti.

Na ni kweli halimhusu. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa haki ya kufungua lile daftari. Kijana alitoka Jumatatu saa kumi jioni, hakufikishwa mahakamani wala hakuandikiwa kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataja saa 24. Yeye alikaa siku tatu.

Sasa nimekaa nikahesabu. Mwenyekiti wa mtaa namchagua mimi. Diwani namchagua mimi, lakini baraza lake linauliza barabara, madarasa na zahanati. Mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) hawajibiki kwake. Mbunge namchagua mimi, naye anaweza kumuuliza Waziri wa Mambo ya Ndani kule Dodoma, swali likapangiwa siku, likajibiwa kwa aya mbili. Upande wa pili: IGP, mkuu wa polisi nchi nzima, anateuliwa na Rais. Kamanda wa mkoa na OCD wanapangwa na wakubwa wao. Kamati ya usalama ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya, naye mteule wa Rais, na diwani wangu hana kiti mle. Tena mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wenyewe wana uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15. Yaani kuanzia anayekamata hadi anayesimamia anayekamata, sijamwona hata mmoja niliyemtilia karatasi kwenye sanduku.

Nimesoma kwamba kuna miji watu wanawachagua wasimamizi wa polisi moja kwa moja. Chicago, Marekani, tangu uchaguzi wa Februari 28, 2023 kila wilaya ya polisi ina baraza la watu watatu waliopigiwa kura na wakazi. Wilaya ni 22, kwa hiyo wajumbe 66. Hawaamuru askari, hawapeleki doria. Wanaitisha mkutano wa hadhara kila mwezi, wanasikiliza malalamiko, na wanapendekeza majina ya tume ya mji mzima ambayo ina sauti kwenye kanuni za polisi na kwenye orodha ya wanaofikiriwa kuwa mkuu wa polisi. Hayo hawakupewa kama zawadi. Kijana mmoja, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na askari Oktoba 2014, video ikafichwa zaidi ya mwaka mzima, watu wakaingia barabarani, na hata baada ya hapo ilichukua miaka hadi Julai 2021 baraza la jiji likapitisha sheria hiyo ndogo.

Naomba tujadili kwa hoja. Je, wilaya kama Tabora, Nzega au Urambo haiwezi kuwa na watu watatu watano tuliowachagua wenyewe, kazi yao ikiwa kuwauliza polisi?

---

Afande Mstaafu

Ndugu mleta uzi, pole kwako na kwa dada yako. Nimevaa zile nguo miaka 31, miaka 9 kati ya hiyo nikiwa mkoa wa Tabora, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Kwanza, kijana kukaa Ijumaa hadi Jumatatu ni kosa. Sitalipamba. Lakini ujue linatokeaje. Zamu ya wikendi kituo kidogo ni askari wawili, saa nyingine watatu. Mpelelezi mmoja ana majalada mengi mezani, gari halina mafuta, na mahakama Jumamosi haikai. Mtu aliyekamatwa Ijumaa jioni anaangukia kwenye shimo hilo. Askari wa kaunta hana mamlaka ya kumwachia, anaogopa kumwachia, basi anasema mpelelezi hayupo. Si mara zote ni ubaya wa moyo.

Pili, daftari la mahabusu lipo, na mkuu wa kituo anapaswa kulikagua. Anayetoka juu kuja kulikagua naye yupo. Tatizo ukaguzi wote ni wa sisi kwa sisi.

Tatu, na hapa ndipo napingana nawe. Ukimleta mtu wa kuchaguliwa, umeleta chama. Nimeona diwani akipiga simu kituoni saa nane usiku, mpwa wake aachiwe. Nimeona mgombea anataka mpinzani wake akamatwe siku ya mkutano. Leo OCD anaweza kumwambia "mheshimiwa, hilo siwezi". Mkishampa yule mheshimiwa rungu la kumwajibisha OCD, atasema hivyo kwa nguvu gani?

---

Mnyamwezi wa Birmingham

Salamu kwa wana Tabora wote. Mimi niko Uingereza tangu 2009, na hili la kuchagua wasimamizi wa polisi nimelipigia kura mwenyewe, kwa sababu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa tunaruhusiwa. Acha niwape picha kamili, na machungu yake.

Bunge la hapa lilipitisha sheria 2011. England na Wales, mwanzoni maeneo ya polisi 41, kila moja likapewa kumchagua kamishna mmoja wa kusimamia polisi. (London haimo, huko ni kazi ya meya.) Kamishna anapanga bajeti ya polisi, anaandika mpango wa kazi, anaajiri mkuu wa polisi wa eneo na anaweza kumfukuza. Haruhusiwi kusema mkamateni fulani au mwachieni fulani. Kwa hiyo Mzee Afande, hofu yako waliifikiria, wakaiwekea ukuta kwenye sheria.

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Novemba 15, 2012. Nilienda baada ya kazi, giza limeshaingia na baridi kali. Mle ukumbini nilikuta wasimamizi wawili na mimi. Mmoja aliniambia ahsante kwa kuja, kwa sauti ya mtu aliyefikiwa na mgeni msibani. Waliojitokeza nchi nzima walikuwa asilimia 15 hivi. Kule Newport, Wales, kuna kituo kimoja hakuingia mpiga kura hata mmoja kutwa nzima. Julai 2014 kamishna wa eneo letu alifariki, Agosti tukaitwa uchaguzi mdogo: waliojitokeza asilimia 10.4.

Halafu kuna South Yorkshire. Agosti 2014 ilitoka ripoti kwamba katika mji wa Rotherham watoto wapatao 1,400 walidhulumiwa kingono kati ya 1997 na 2013, na polisi pamoja na halmashauri hawakuwasikiliza. Kamishna aliyekuwa madarakani ndiye aliyekuwa diwani msimamizi wa huduma za watoto mji ule kuanzia 2005 hadi 2010. Mawaziri walimtaka aondoke, chama chake kilimtaka aondoke, wazazi walifika hadi mkutanoni kumwambia usoni. Hakuondoka, na ikaonekana kwamba hakuna mtu yeyote mwenye mamlaka ya kisheria ya kumwondoa hadi uchaguzi ufike. Alijiuzulu mwenyewe katikati ya Septemba, alipochoka.

Na Novemba 2025 serikali imetangaza kwamba makamishna hawa watafutwa muhula ukiisha, Mei 2028. Kazi itaenda kwa mameya, na pale pasipo na meya itaenda kwa bodi za viongozi wa halmashauri.

Simkatishi tamaa mleta uzi. Ninachomwomba ni kwamba asituletee kamishna mmoja mwenye kiti kikubwa. Mtu mmoja kwa watu milioni mbili na nusu au zaidi, kama huku kwetu, hamumjui na yeye hawajui. Wale watatu watatu wa Chicago wana nafuu, unaweza kukutana naye dukani. Ila hata kule chama cha askari kiliingiza wagombea wake, lijueni na hilo.

---

Kijana wa Kijiweni

mkuu umeandika kitu cha kweli tupu. mimi niko kijiwe cha stendi. sisi tunaogopa ijumaa kuliko siku zote, ukikamatwa ijumaa umelala mpaka jumatatu na pikipiki ya watu iko nje inanyeshewa, tajiri anadai hesabu yake kama kawaida. jamaa yangu alitoka jumatatu akakuta betri haipo. atamuuliza nani? wakichaguliwa hao watu naenda kupiga kura hata kama ni mvua.

---

Binti Nzega

Shikamooni wakubwa, vijana marahaba. Nimesoma yote kimya, nikaona nisipoandika nitakuwa nimewadhulumu.

Sisi wa Unyamwezini hatuhitaji kwenda Chicago kutafuta mfano. Tuliwahi kuchagua walinzi wetu, na mimi niliwaona nikiwa mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, ng'ombe waliibwa kwa bunduki, mabasi yalitekwa, na kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa nusu siku. Mpakani kwa Nzega na Kahama watu wakaanzisha sungusungu. Kila kijiji kilikaa chini ya mti kikachagua mtemi wake wa sungusungu, katibu na makamanda. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi. Ukilia mwano (yowe la kuomba msaada) usiku, kila nyumba inamtoa mwanaume, na asiyetoka kesho yake anatozwa. Ng'ombe walirudi, sitasema uongo. Mama yangu alianza kulala usingizi. Serikali iliona inafanya kazi, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria ya mgambo, sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata.

Baba yangu alikuwa katibu kwa sababu alijua kuandika. Daftari lake lilikuwa la shule, jalada la bluu, analiweka juu ya kabati pamoja na Biblia. Wezi waliandikwa mle, faini za ng'ombe zikaandikwa mle.

Jirani yetu alikuwa bibi mjane, hana mtoto aliyebaki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mwaka ule watoto wawili walikufa kwa surua, kikaitishwa kikao. Wale wote waliokaa mbele walikuwa wamechaguliwa. Waliuliza mara moja tu, nani anaona bibi huyu aondoke kijijini? Mikono ilinyooshwa mingi kuliko niliyowahi kuona kwenye mkutano wowote. Baba aliandika jina lake kwenye daftari la bluu, na usiku ule hakula. Bibi aliondoka na mbuzi mmoja na kigoda, hatukusikia alikofikia. Na huyo alikuwa na bahati, vijiji vingine bibi kama yeye aliuawa.

Kwa hiyo mwanangu mleta uzi, mimi nauliza: hao watu wako watatu watamsaidiaje mtu ambaye kijiji kizima kinamtaka alale ndani? Mwizi hana kura. Bibi mwenye macho mekundu hana kura. Kijana mgeni hana kura. Aliyechaguliwa anasikiliza mikono iliyonyooshwa.

---

Mtu wa Miembe

Mama, marahaba na shikamoo. Nimesoma ulichoandika mara tatu, ya mwisho nikamsomea mke wangu kwa sauti. Sikuwa nimelifikiria hilo, nakiri.

Nimelala nalo, na hapa ndipo nilipofika. Sungusungu walichaguliwa ili wakamate, wahukumu na watoze. Yaani tuliwapa kura pamoja na rungu. Mimi sitaki watu wangu watatu wawe na rungu. Nataka wawe na macho. Waruhusiwe kuingia kituoni saa yoyote, bila kupiga simu kwanza, wafungue daftari la mahabusu, wasome jina, siku, saa na kosa. Wakiona mtu amepita saa 24, waandike swali kwa mkuu wa kituo, na jibu lisomwe kwenye mkutano wa hadhara. Wasiruhusiwe kusema mwachieni wala mwekeni. Diwani anayepiga simu saa nane usiku kwa ajili ya mpwa wake, Afande, anaweza kufanya hivyo kwa sababu simu haina shahidi. Hawa swali lao liwe kwenye karatasi, mbele ya watu.

Hapo yule bibi, naamini, angepata kitu. Mikono ingenyooshwa vilevile. Lakini mwenye kazi ya kusoma daftari angelazimika kusimama mkutanoni na kusema: huyu ameshikiliwa siku nne, na kosa lililoandikwa hapa ni macho mekundu. Kusomwa hadharani kunaumbua, kuna mambo watu wanayafanya kwa mikono mingi ambayo hawawezi kuyasikia yakisomwa kwa sauti moja.

Kuhusu chama, Afande, sina jibu zuri. Wasigombee kwa tiketi ya chama, hilo ndilo ninalolipata.

---

Mtendaji Mstahimilivu

Nimewahi kuwa mtendaji wa kata, naomba niweke maji kwenye unga.

Kijiji kwa sheria yetu kina kamati ya ulinzi na usalama ndani ya halmashauri ya kijiji. Ipo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Kazi yake kwa vitendo ni kupanga zamu za ulinzi shirikishi, kuchangisha hela ya tochi na makoti ya mvua, na kuwapeleka watuhumiwa kituoni. Mlango wa kituo ukifungwa nyuma ya mtuhumiwa, kamati imemaliza. Polisi Kata nao wameletwa, na pale alipo mzuri mambo yanabadilika kweli, watu wanamwita kwa jina na kumkaribisha kwenye harusi. Lakini ripoti yake inapanda juu kwa OCD, haishuki kwetu.

Uchaguzi bila tiketi ya chama ni mgumu kuliko unavyodhani, ndugu. Uchaguzi wa Novemba 2024 chama kimoja kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za mitaa na vijiji. Sisemi kwa nini, kila mtu ana maelezo yake na wengine waliumizwa. Nasema tu kwamba ukipitisha uchaguzi mpya kwenye bomba lilelile, maji yatatoka ya rangi ileile. Msimamizi wa uchaguzi ni mtumishi aliyeteuliwa, fomu za wagombea anazikagua yeye, na mgombea anayejulikana kuwasumbua polisi ndiye wa kwanza kukosea kujaza fomu.

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023, iliyasikia mengi ya haya mikoani. Iligusa mpaka hayo mamlaka ya wakuu wa mikoa na wilaya kukamata watu. Ripoti ilikabidhiwa Julai 2023. Tuanzie kwenye yaliyokwisha kuandikwa na kukubaliwa kabla ya kudai kiti kipya.

---

Wa Kasulu

Sisi Kigoma tuna letu. Ukisafiri kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini, kwenye kizuizi unateremshwa kwa sababu ya lafudhi. Wewe Muha au Mrundi? Mama yangu ana miaka 70, amezaliwa hapa, baba yake amezikwa hapa, na aliwahi kukaa chini ya mti saa sita hadi mwenyekiti wa kijiji alipofika kwa baiskeli kusema huyu ni wetu. Yule mwenyekiti tuliyemchagua ndiye aliyemtoa, si karatasi. Kwa hiyo mimi siwadharau hawa viongozi wadogo. Ila huo usimamizi mnaousema usiishie kwa polisi, uhusu kila mwenye uwezo wa kumweka mtu chini ya mti. Uhamiaji, mgambo, wote.

---

Mkenya Jirani

Naomba kuchangia kidogo. Kwetu kuna IPOA tangu 2011, chombo huru cha kuchunguza polisi, wajumbe wake huteuliwa na kuthibitishwa na Bunge, hawapigiwi kura. Sheria ya polisi ya mwaka huohuo pia iliweka mamlaka ya polisi ya kaunti, mwenyekiti akiwa gavana, ambaye tunamchagua. Kwenye karatasi tuna vyote viwili. Ninachowaambia kwa uzoefu: IPOA imeweza kumfikisha askari kortini kwa sababu ina wachunguzi wake na bajeti yake. Chombo kisicho na mchunguzi wala nauli kitaandika barua tu. Msisahau nauli.

---

Afande Mstaafu

Nimerudi. Binti Nzega amenikumbusha mengi, maana mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwenye vile vijiji asubuhi, baada ya jambo kuwa limeshatokea.

Mleta uzi, hilo la macho bila rungu nalikubali, na nitakwambia kwa nini. Miaka ile nikiwa mkuu wa kituo kidogo, padri mmoja alikuwa anakuja kila Jumapili mchana kusali na mahabusu. Hakuwa na mamlaka yoyote. Alikuwa anawauliza majina tu, na siku waliyoingia. Basi mimi Jumamosi jioni nilikuwa naketi na daftari, napitia mmoja mmoja: huyu kwa nini bado yupo? Nikawa naachia kwa dhamana waliostahili, ili padri akija nisipate aibu. Hakuna mkaguzi kutoka mkoani aliyewahi kunifanya nikae na lile daftari Jumamosi. Padri alihamishwa, na mimi nikaacha. Naandika hili nikiwa na miaka 68 na linaniuma.

Hakuchaguliwa na mtu, utasema. Ndiyo, na ndiyo maana alipoondoka hakuna aliyekuwa na haki ya kudai nafasi ile ijazwe. Hapo ndipo naona kura ina kazi yake: kiti kikiwa cha kuchaguliwa, kikiwa wazi watu wanajua ni chao.

Sheria mpya msiisubiri. Mwenyekiti wa mtaa aandike kwa mkuu wa kituo, kwa heshima, aombe kufika kila Jumamosi saa nne kusomewa majina ya wakazi wa mtaa wake walioshikiliwa. Asiombe majalada, asiombe habari za upelelezi. Majina ya watu wake tu. Mkuu wa kituo mwenye akili hatakataa, inampunguzia foleni kaunta. Akikataa, mnalo jambo la kumpelekea OCD kwa maandishi.

---

Binti Nzega

Afande, Mungu akuweke. Na kwenye barua waongeze wasio na mtu wa kuwaulizia. Mgeni, mwenda wazimu, mtoto wa mtaani. Mwenyekiti asomewe na majina ya wasio na mtaa.

---

Kijana wa Kijiweni

na wanawake. dada mmoja muuza samaki alilala humo wikendi na mtoto anayenyonya, sisi ndio tulichanga maziwa.

---

Mtu wa Miembe

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu tulikuwa na mkutano wa mtaa jana. Baada ya yaliyotokea kwenye uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 watu wanaogopa kutaja polisi mkutanoni, na mimi niliposimama magoti yalikuwa yanatetemeka kabisa. Nilisoma pendekezo la Afande kama lilivyo. Mzee mmoja akasema tutawaudhi. Mama mmoja ambaye simjui vizuri akajibu kwamba mwanawe ameshalala ndani mara mbili na hakuna aliyemuudhi mtu. Wakanyamaza kidogo, halafu ikaenda kwenye kupiga kura, na walio wengi wakakubali. Mwenyekiti mwenyewe alinyoosha mkono wa mwisho, lakini alinyoosha.

Wadau kadhaa wameniandikia faragha wanataka maneno ya barua ili wakaombe huko kwao Urambo, Sikonge na Uvinza. Tuliandika hivi, mnaweza kubadilisha:

"Ndugu Mkuu wa Kituo. Wakazi wa mtaa wetu, katika mkutano wao, wamemwomba mwenyekiti wao afike kituoni kila Jumamosi saa nne asubuhi, asomewe majina ya wakazi walioshikiliwa, siku na saa waliyoingia, na kama dhamana yao iko wazi. Wanaomba pia asomewe idadi ya walioshikiliwa ambao hawana ndugu aliyekuja kuwaulizia, wakiwemo wanawake wenye watoto. Mwenyekiti hataomba habari yoyote ya upelelezi. Majina ya wakazi atayapeleka kwa familia zao, na idadi ataisoma kwenye mkutano ujao wa mtaa."

Imetiwa saini na mwenyekiti na wajumbe watano. Mpwa wangu ndiye aliyeipeleka asubuhi hii kwa pikipiki, mwenyekiti amekaa nyuma. Safari hii hawakukaa kwenye lile benchi. Nakala yetu imegongwa mhuri wa kupokelewa, na Jumamosi saa nne tutakuwa mlangoni.